Ufunguo wa kabati la maabara uko kwa nani?

Hebu jibu swali hili kabla hujaendelea kusoma: shule yenu ina hadubini ngapi? Usinihesabie ile moja ambayo mwalimu huiweka mbele ya darasa, mkapiga foleni, kila mmoja akachungulia seli za kitunguu kwa sekunde tano kisha akasukumwa na aliye nyuma yake. Nauliza zote, pamoja na zilizo kabatini.

Wengi hawajui, na si kosa lao. Katika shule nyingi kabati la vifaa lina kufuli, kufuli lina ufunguo mmoja, na ufunguo unakaa kwenye mfuko wa koti jeupe la fundi wa maabara. Fundi akiugua, akienda mazishini ushago au akitumwa mjini kuchukua kemikali, somo la vitendo linageuka kuwa somo la ubaoni. Mwalimu anachora biureti kwa chaki, nanyi mnachora mchoro wake. Halafu KCSE inafika. Karatasi ya tatu ya Kemia ina alama 40 na inachukua saa mbili na robo. Unawekewa biureti ya kweli mezani na mkono unatetemeka, kwa sababu bomba lile la kioo umelishika mara mbili tangu ujiunge na sekondari.

Siku hizi kuna makabati yasiyohitaji ufunguo. Unapitisha kadi au unabonyeza nambari ya siri, kabati linafunguka, na mtambo unaandika ni nani aliyefungua, saa ngapi, na alichukua nini. Wauzaji huyapigia debe kama dawa ya wizi. Mimi naona faida yake kubwa iko kwingine. Yakitumiwa vizuri, yanaweza kuvitoa vifaa kabatini na kuvileta mikononi mwako. Yakitumiwa vibaya, shule itakuwa imenunua kufuli ghali zaidi, basi.

Kwa nini kabati hufungwa

Tuwe wakweli, vifaa hupotea. Lenzi ya hadubini ni ndogo kuliko kifuniko cha soda na inatoshea mfukoni. Sumaku huondoka kwa sababu ni kitu cha kuchezea bwenini. Saa za kupimia sekunde nazo zina miguu yao. Na si wizi tu unaotia hofu. Kabati la kemikali lina asidi ya salfuriki kali inayounguza ngozi, na lina sodiamu inayowekwa ndani ya mafuta kwa sababu ikigusa maji huwaka. Hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayeacha kabati hilo wazi eti wanafunzi wajisomee.

Kwa hivyo fundi hufunga, na huandika. Kama umewahi kupita stoo ya shule ya umma utakuwa umeziona fomu za S11, zinazojazwa kila kitu kinapotoka, na kadi za S3, zinazoonyesha kilichobaki. Karatasi hizo zina maana yake. Mkaguzi wa hesabu akija, huulizia hizo kwanza.

Shida ni kwamba fomu inafuata kifaa kutoka stoo hadi mlango wa maabara, kisha inachoka. Ikisemwa kwamba mizani sita zimetolewa kwa somo la Kidato cha Tatu, imesema yote. Haijui mizani ya nne ilikaa dawati gani, wala ni nani aliyeirudisha ikiwa imezimika. Kati ya stoo na dawati kuna pengo, na humo ndimo vitu vinamopotelea.

Unajua pengo hilo hulipwa na nani? Na wewe. Kifaa kikikosekana na aliyekichukua hajulikani, darasa zima linatozwa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa kipimajoto analipia kipimajoto. Mwisho wa Kidato cha Nne anazunguka na fomu ya kuidhinishwa kuondoka, kutoka maktaba hadi maabara hadi jikoni, akitafuta sahihi. Serikali imeonya mara nyingi kwamba shule hazina ruhusa ya kuzuia cheti cha KCSE, lakini waulize ndugu zako wakubwa walikaa muda gani kabla ya kukishika chao mkononi.

Mambo yatazidi kuwa mazito. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu Januari 2026, na serikali inalenga asilimia 60 ya wanafunzi wachukue mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wakati huohuo, wa mfumo wa 8-4-4 bado wapo, na KCSE ya mwisho ni 2027. Makundi mawili, mitaala miwili, maabara ileile, ufunguo uleule.

Wazo si geni

Hospitali za Marekani zilianza kutumia makabati ya aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Muuguzi anayehitaji dawa kali ya maumivu hajitwalii tu. Anajitambulisha kwenye mashine, anachagua mgonjwa, na droo moja tu inafunguka. Nyingine zote zinabaki zimefungwa. Dawa ikipungua, kuna jina na saa. Faida ambayo watu huisahau ni kwamba muuguzi wa zamu ya usiku hakulazimika tena kumtafuta mwenye ufunguo.

Hapa kwetu tumeanza kuliona jambo hilo mahali ambapo hukutarajia. Tangu 2016, mitihani ya kitaifa huhifadhiwa kwenye makontena yenye makufuli mawili, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Katika mitihani ya 2025, KNEC ilianza kufanyia majaribio makufuli ya kidijitali kwenye baadhi ya makontena hayo. Kwa hivyo mwalimu mkuu akikuambia kwamba kufuli bila ufunguo ni mambo ya sinema, mwambie kwa heshima kwamba hata karatasi za mtihani zimeanza kulindwa hivyo.

Mtambo unavyofanya kazi

Ukiondoa matangazo na picha za kuvutia, mtambo una kazi tatu: kukutambua wewe, kufungua mlango, na kutambua kifaa. Mbili za kwanza ni rahisi. Ya tatu ndiyo yenye kasheshe, na ndiyo wengi huiruka.

Kukutambua kunaweza kufanywa kwa nambari ya siri, kwa kadi au kwa simu. Nambari ya siri ina ubaya mmoja: baada ya wiki mbili shule nzima inaijua. Kadi ni bora, ila chunga ni kadi gani. Mnamo 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha jinsi ya kuvunja usiri wa kadi za MIFARE Classic, ambazo zilikuwa zikitumika kwa nauli na milango katika nchi nyingi. Kadi za aina hiyo bado zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa kabati la vipimajoto, sioni tatizo. Kwa kabati la asidi, kadi peke yake haitoshi. Kadi ya mwalimu ipitishwe pamoja na nambari yake ya siri.

Kufungua ni kazi ya koili ya waya. Umeme ukipita, koili inageuka sumaku na kuvuta kipande cha chuma, na mlango unaachia. Ni fizikia ileile unayosoma darasani. Ubongo wa kazi hii ni saketi ndogo kama ESP32, ambayo mjini Nairobi unaipata kwa pesa zisizozidi Sh2,000, na kisomaji cha kadi kwa chini ya Sh1,000. Ongeza kijisaa cha kielektroniki chenye betri yake, ili rekodi isipoteze saa intaneti ikikatika. Hapo una kabati linaloandika lenyewe na kutuma rekodi kwenye kompyuta mtandao ukirudi.

Sasa tuje kwenye vifaa. Mtambo utajuaje kwamba uliyechukua hadubini namba 7 umerudisha namba 7, wala si namba 3 yenye lenzi iliyokwaruzika?

Njia ya bei nafuu ni msimbo wa QR, vile vimraba vyeusi na vyeupe. Vilibuniwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, na havikubuniwa kwa sababu ya menyu za mikahawa. Kazi yao ilikuwa kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, yaani kazi hiihii tunayoizungumzia. Unachapisha kwa printa ya shule, unabandika, unafunika kwa selotepu pana, unasoma kwa kamera ya simu. Ubaya wake ni kwamba mtu lazima akumbuke kusoma msimbo. Akisahau, kifaa kimeondoka kimyakimya.

Njia ya pili ni tagi za RFID, vibandiko vinavyojitambulisha kwa mawimbi ya redio. Nyingi hazina betri. Kisomaji kinarusha mawimbi, tagi inajilisha nguvu kutokana na mawimbi hayo na kujibu kwa namba yake. Za aina moja husomwa kwa sentimita chache, kama kadi ya mlango. Za aina nyingine husomwa kutoka mita kadhaa, hivyo kabati linaweza kujihesabu lenyewe mlango ukifungwa. Inapendeza, sivyo? Lakini ndani ya maabara kuna maadui wawili wa redio. Chuma huyarudisha mawimbi, na maji huyanyonya. Mwili wa hadubini ni chuma. Stendi za kushikia biureti ni chuma. Chupa zimejaa maji. Tagi ya kawaida ukiibandika juu ya chuma huenda isisomeke kabisa. Zipo tagi maalumu za kubandika kwenye chuma, na bei yake pia ni maalumu.

Halafu kuna bika na neli za majaribio. Kioo kinachochemshwa, kinachooshwa kwa asidi na kusuguliwa kwa brashi kitakung'olea kibandiko kabla ya muhula kuisha. Kwa maoni yangu, usijaribu. Bandika trei. Trei moja iwe na bika mbili, neli kumi, kishikio kimoja na kipimajoto kimoja, na picha ya mpangilio huo ibandikwe chini yake. Kundi lenu linachukua trei namba 5, linarudisha trei namba 5, na nafasi ikiwa tupu inaonekana kwa macho tu. Vibandiko vya kila kifaa viwe vya vitu vyenye thamani: hadubini, mizani za kielektroniki, amita, voltimita, projekta, tabuleti.

Jambo moja la usalama ambalo muuzaji huenda asikutajie: usiweke saketi ndani ya kabati la ethanoli au vimiminika vingine vinavyowaka haraka, kwa sababu cheche moja kwenye mvuke huo inatosha kuwasha moto. Mvuke wa asidi ya haidrokloriki nao hula nyaya polepole. Vifaa vya umeme vikae nje ya makabati hayo, au makabati hayo yabaki na makufuli ya kawaida. Hakuna aibu.

Stima ikipotea je?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo Mkenya yeyote atauliza, na ana haki. Mnamo Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia gizani. Kama taa za JKIA zinazima, kabati la shule yenu ni nani?

Jibu linategemea aina ya kufuli. Kuna makufuli yanayobaki yamefungwa umeme ukikatika, na kuna yanayofunguka. Yale ya sumaku kubwa inayoshikilia mlango muda wote huhitaji umeme ili yafunge, kwa hivyo mwizi akizima swichi tu, yuko ndani. Kwa kabati unataka aina ya kwanza, pamoja na ufunguo mmoja wa dharura unaokaa kwenye sefu ya mwalimu mkuu. Naam, ufunguo bado upo. Tofauti ni kwamba safari hii hautumiki kila siku.

Betri nayo si mzigo mkubwa. Chukua betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 7, ukubwa unaokaribiana na ile ya bodaboda. Inabeba wati-saa 84. Saketi na kisomaji chake hutumia chini ya wati moja wakati mwingi, na koili hunyonya umeme kwa sekunde tatu tu mlango ukifunguliwa. Hata ukitoa kinachopotea njiani, kabati linaweza kukaa zaidi ya siku mbili bila stima. Piga hesabu hiyo mwenyewe, ni swali zuri la Fizikia.

Mlango wa maabara yenyewe ni habari nyingine kabisa. Hapo kuna watu ndani. Mwaka 2001 katika shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walifia bwenini usiku wa moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mlango wowote ambao wanafunzi wanautumia kutoka lazima ufunguke kutoka ndani kwa mkono, bila kadi, bila nambari, bila stima. Shule ikikuletea mtambo unaowafungia ndani, hata kwa dakika moja, kataa. Mwambie mzazi wako akatae pia. Funga makabati, uwaachie watu njia.

Alama ya kidole chako si kibandiko

Baadhi ya mitambo hutumia alama za vidole. Utaambiwa ni salama zaidi kwa sababu kidole hakisahauliki bwenini. Kwanza, jaribu kusomesha kidole kilichotoka kushika wino, chaki au iodini, uone. Pili, kuna sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka taarifa za kibayometriki kwenye kundi la data nyeti, na data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Hii si sheria ya mapambo. Mnamo 2023 Afisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliipiga shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kama picha ziligharimu hivyo, fikiria alama za vidole 600 kwenye kompyuta ya stoo isiyo na nywila.

Kadi ikipotea unapewa nyingine. Kidole unacho kimoja cha kila aina maisha yako yote. Kwa kabati la sumaku na bika sioni sababu hata moja ya kukitoa.

Rekodi yenyewe pia ina mipaka, na ni muhimu uijue ili usionewe. Rekodi inasema kadi yako ilifungua kabati saa 4:10. Haisemi ni wewe uliyeishika. Haisemi kama lenzi ilikuwa nzima ulipoichukua. Kwa hivyo ukichukua kifaa, kikague hapohapo. Kikiwa na ufa, sema na uandike kabla hujaondoka, maana baada ya hapo ni wewe wa mwisho kwenye orodha. Usimwazime rafiki kadi, hata kama ni yule mnayekula naye sahani moja.

Nao walimu wanapaswa kukubali jambo moja. Kioo huvunjika. Ndiyo kazi yake katika maabara ya wanaojifunza. Shule ikiitumia rekodi kama askari wa kutoza faini kila kitu kinapodondoka, wanafunzi watajifunza kurudisha trei ikiwa na vipande vilivyofichwa chini ya kitambaa, na mtambo mzima utakuwa umejaa uongo uliopangwa kwa tarehe. Anayeripoti alichovunja kwa bahati mbaya siku hiyohiyo asitozwe. Anayeficha, hilo ni jambo jingine. Mkiweka sheria hiyo kabla ya kununua hata waya mmoja, mmefanya nusu ya kazi.

Anza bila kufuli

Pengine umesoma hadi hapa ukifikiria kwamba shule yenu haina pesa. Sawa. Sehemu yenye manufaa zaidi ya mtambo huu karibu ni ya bure.

Chagua kundi moja la vifaa, tuseme mizani za kielektroniki. Zipe namba. Chapisha misimbo ya QR. Omba simu moja ya zamani ya mwalimu yeyote, ikae maabara. Tengenezeni jedwali la kawaida kwenye kompyuta lenye safu tano: kifaa, jina, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali yake. Mkitaka kitu kikubwa zaidi, ipo programu huria iitwayo Snipe-IT, ambayo hailipiwi ukiiweka kwenye kompyuta yenu wenyewe, ila mtahitaji mtu anayejua kuweka seva. Klabu ya sayansi ichukue zamu ya kusoma misimbo kila kipindi cha vitendo. Fanyeni hivyo kwa muhula mmoja, huku fundi akiendelea kujaza S11 kama kawaida, kwa sababu mkaguzi hataki kusikia habari za simu ya zamani.

Mwishoni mwa muhula mtakuwa na kitu ambacho shule nyingi hazina: namba za kweli. Mtajua mizani ipi inatumika kila wiki na ipi haijaguswa tangu Februari. Mtajua kama vifaa vinapotea au vimekwama tu kwenye kabati la mwalimu wa darasa jingine. Ukienda kwa mwalimu mkuu kuomba maabara ifunguliwe Jumamosi asubuhi, hutaenda na malalamiko. Utaenda na karatasi inayoonyesha kwamba katika vipindi 40 kila mizani ilirudi, au ni ngapi hazikurudi na ni kwa nini. Hiyo ndiyo hoja inayoweza kufungua kabati, na haijahitaji koili wala betri.

Baada ya hapo ndipo mjenge kabati lenyewe, na ni mradi mzuri kwa mashindano ya sayansi na uhandisi ya shule. Majaji wameona mifumo mingi ya kumwagilia maji. Waleteeni kabati linalofungua droo moja tu, lenye rekodi ya muhula mzima ya matumizi halisi, na mjiandae kwa maswali magumu kuhusu chuma, maji na stima, ambayo sasa mnayo majibu yake.

Wewe uliyemaliza shule na una diploma ya umeme au kompyuta kutoka chuo cha kiufundi, nawe hujasahaulika. Shule hazikosi wauzaji wa mitambo. Hukosa mtu wa kuja Jumatano kisomaji kikigoma. Kubali kwenda kuweka mtambo mdogo katika shule mbili za karibu na kwenu, kwa mkataba wa matengenezo ya kila muhula, ukiwafundisha fundi na klabu kubadilisha betri na kuchapisha vibandiko vipya. Fundi wa maabara asikuone kama mtu aliyekuja kumwondoa kazini. Yeye ndiye anayejua ni chupa ipi ina lebo iliyofutika, na hakuna tagi itakayokuambia hilo. Mtambo ukimpunguzia saa mbili za kuandika, atazitumia kuandaa majaribio.

Kumbuka pia yaliyotukuta na kadi za matatu. Mnamo 2014 serikali ilitaka abiria wote walipe nauli kwa kadi. Kadi zilikuwepo, visomaji vilikuwepo, matangazo yalikuwepo. Makanga na madereva hawakuona faida yao, abiria wakachoka kubeba kadi tatu tofauti, na leo ukipanda matatu bado unaulizwa pesa taslimu au M-Pesa. Kadi hazikuharibika, watu ndio hawakuhusishwa.

Kabla shule yenu haijatia sahihi mkataba wowote, kuna maswali machache ambayo hata mwakilishi wa wanafunzi anaweza kuyauliza mkutanoni. Rekodi zetu zitakaa wapi, na zitafutwa lini tukimaliza shule? Kampuni ikifunga biashara, kabati litafunguka? Vibandiko vipya tutachapisha wenyewe au lazima tununue kwenu? Na je, saa za mwanafunzi kutumia maabara zitaongezeka kutoka ngapi hadi ngapi? Hilo la mwisho ukijibiwa kwa tabasamu bila namba, rudini kwenye simu ya zamani na jedwali lenu kwa muhula mwingine.

Na kuna la nywila kuu, ile inayoweza kubadilisha kila kitu ndani ya mtambo. Kwa kawaida hushikwa na mwalimu mmoja mchangamfu anayependa kompyuta. TSC ikimpa uhamisho kwenda kaunti nyingine, nywila inaondoka naye kwenye basi la usiku, na kabati linabaki na taa nyekundu inayowakawaka. Iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha, bahasha ipigwe muhuri na kuwekwa kwenye sefu pamoja na ule ufunguo wa dharura, na kila mtu anayeifungua aandike jina lake kwenye S11.